Kompyuta Iliyochaguliwa kwa Uzito

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nachora ramani za nyumba kwa fundi mmoja wa ujenzi pale Kibaoni, Ifakara. Wateja walikuwa wameanza kutaka kuiona nyumba na rangi zake na vivuli vyake kabla haijajengwa, kwa hiyo tukaenda Dar kununua kompyuta.

Njia nzima nilimweleza bosi kwamba tutafute yenye memori kubwa, maana picha za namna ile zinakula memori. Alinisikiliza vizuri. Tulipofika dukani akakunja mikono ya shati, akaanza kunyanyua kompyuta moja baada ya nyingine. Kwetu ndivyo baiskeli ya kubebea magunia ya mpunga inavyochaguliwa: nyepesi ni bati, nzito ni chuma.

"Hii," akasema, akiwa ameikumbatia ile ya kizamani kuliko zote.

"Mzee, hiyo memori yake ni ndogo."

"Ishike kwanza."

Niliishika. Ilikuwa nzito kweli. Nilinuna mpaka Ifakara, nikiwa nimeipakata.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa mfugaji kutoka Michenga. Nilimwomba radhi, maana tangu asubuhi kioo kilikuwa kimeonyesha paa la nyumba yake tu. Alilitazama kidogo, akasimama, akainyanyua kompyuta upande mmoja, akairudisha taratibu.

"Jengeni," akasema.

Bosi hakunitazama. Kuta zilitokea kwenye kioo alasiri, mteja akiwa ameshafika kwake.