Mkate wa Marehemu

Nawaambia ninyi tu, isifike kanisani. Jumamosi darasa letu la kupiga picha lilikwenda mtaa wa Okolona, huku ugenini, kwa Mama Lupe, Mmeksiko ninayefanya naye kazi ghalani. Ilikuwa sikukuu yao ya kuwakumbuka marehemu. Mezani palikuwa na picha ya mumewe, mishumaa, maua na mkate mtamu. Bon, kwetu Uvira ukikataa chakula cha matanga umemdharau mfiwa. Nikavua kofia, nikampa pole, nikaketi, nikaanza kula ule mkate. Wenzangu wakanipiga picha mfululizo, nami nikajiona ndiye mwenye adabu kuliko wote.

Mama Lupe akanishika bega, anacheka mpaka machozi.

“Kaka, wageni wanakula jikoni. Huo ni wa mume wangu, leo anarudi kuula.”

Nikaitazama sahani. Nilikuwa nimembakizia kipande kimoja, nacho nimeshakiuma.