Pembe Mgongoni kwa Baba

Kosa lilikuwa langu kabla halijawa la shangazi. Baba alipopata mshtuko wa moyo, madaktari wa Dar walikuta damu imeganda ndani ya mshipa mkuu, ule unaotoka kwenye moyo. Walisema kipande kikimeguka kikapanda kichwani, atapooza au atakufa. Wakampa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Niliporudi naye kijijini kwetu Salale nikawaambia ndugu, kwa kujidai kidogo, kwamba damu imeganda. Basi, nikaishia hapo. Na kwetu damu iliyoganda ina dawa yake: mtu anaumikwa. Anachanjwa kwa wembe, pembe inabandikwa, inafyonza.

Siku ya nne nilitoka kwenda kuanika uduvi. Kurudi, nikamkuta baba kalala kifudifudi mkekani, pembe tatu zimewekwa kando, na shangazi, dada yake, anambana mgongo kwa kanga iliyolowa damu.

"Haikatiki," alisema. "Tangu adhuhuri haikatiki hii."

Nilimtukana shangazi yangu, mtu mzima. Najuta, ila si sana.

Maji yalikuwa yamekupwa, boti ya kutupeleka hospitali imekaa kwenye tope. Tulingoja yajae huku nimemgandamiza baba kwa mikono yote miwili. Niliogopa damu isikome, na niliogopa ikome, maana sikujua ingekwenda kuganda wapi. Shangazi alikuwa akivuta uradi kwa tasbihi, wala hakunitazama.

Hospitalini daktari alizifunga zile chale, akapima damu.

"Nyepesi mno," alisema. "Leo kidonge hapewi, kesho tutapima tena. Nikimwachisha kabisa, lile donge la damu litakua. Nikiendelea hivi hivi, atavuja. Tutapita katikati."

Nilimuuliza katikati ni wapi. Akasema hata yeye atapajua kwa kupima tu.

Kisha akauliza nani aliruhusu mgonjwa achanjwe. Nikamgeukia shangazi. Aliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyemwomba," baba alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka lile donge litoke upesi, huyu mwanangu apate kulala. Tangu tutoke Dar anakaa macho, kaniwekea mkono kifuani, anasikiliza kama napumua."

Siku zote hizo nilidhani amelala.