Mashine ya Tatu, Jumatatu Saa Mbili

Hospitalini walimwita Makini, na jina hilo alilipata kwa jasho. Ndiye aliyeandika programu ya kugawa zamu za mashine za kusafisha damu, na kabla ya kutoka nyumbani alikagua jiko mara tatu, hata siku ambazo hakupika. Asubuhi ile muuguzi mkuu alimpigia simu kumwambia kwamba Jumatatu, saa mbili, mashine ya tatu ilikuwa na wagonjwa wawili.

Alifungua programu, akaliona kosa. Alikuwa ameweka sharti kwamba mgonjwa mmoja asiandikwe mara mbili siku na saa ile ile. Vyema. Ila mashine, siku na saa hakuvifunga pamoja ili mashine moja isipewe wagonjwa wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo makarani wawili, kila mmoja mezani kwake, walibonyeza karibu kwa pamoja na wote wakakubaliwa. Makini wa watu alikuwa amefunga mlango akaacha dirisha. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Aliongeza sharti lililokosekana, mstari mmoja tu, akaiamuru hifadhidata, ghala la kumbukumbu za programu, ilipokee. Ikagoma. Haikuwa tayari kupokea sharti ambalo tayari lilikuwa limevunjwa ndani yake. Kwanza mmoja wa wale wawili aondoke. Akafungua majina. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu asiyemjua. Wa pili alikuwa mama yake.

Nafasi iliyobaki ilikuwa Jumatano. Mama alishavimba miguu, na siku mbili zaidi si mchezo. Kumwondoa mwalimu kulitaka kidole kimoja, wala hakuna ambaye angejua. Kidole kilikaa juu ya kitufe hadi kikafa ganzi. Kisha akatazama muda wa kuandikwa: mwalimu alitangulia kwa sekunde nne.

Alimpigia mama, akamweleza yote. Mama akauliza:

"Huyo mwalimu naye miguu imevimba?"

"Sijui, mama."

"Basi mwache alipo, mwanangu. Mimi niandike Jumatano."

Akamhamisha. Hifadhidata ikapokea sharti bila neno.

Ilipofika alasiri hofu ilikuwa imemfika shingoni, na Makini akafanya jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Aliandika upya jina la mama: Jumatatu, saa mbili, mashine ya tatu. Programu ikamkatalia.