Vioo vya kandili vilivyomleta Mama Maskati

Wakuu, assalaam alaykum. Leo mjukuu kanishikisha simu niandike mwenyewe. Sitii chumvi, yamenikuta mimi, Matrah, hapa jirani na Maskati, miaka ya sitini.

Nilikuwa ndo nimetoka Unguja baada ya mapinduzi. Kiarabu changu cha kuokoteza. Mama nimemwacha kule, na roho yangu yote iko kwake.

Mfanyabiashara mmoja, Ami Khalfan (si ndugu, heshima tu), akanichukua stoo kwake kwa majaribio. Nikifaa, ananipa chumba cha nyuma nimlete Mama. Nisipofaa, basi.

Kazi yenyewe: kufunga vioo vya kandili, vile vyembamba vinavyozunguka moto, viende mji wa Sohar kwa lori.

Stoo ile ilikuwa na mafungu mawili tu, mzigo mzito na mzigo mwepesi. Vioo vyepesi, basi vikawekwa fungu moja na majora ya nguo. Nikavilaza kwenye majani makavu, nikapigilia kasha misumari pande zote. Nikajiona fundi.

Kumbe mzigo mwepesi mahamali wanarushiana! Huyu yuko chini, yule juu ya lori. Kasha lilipotua nikasikia chwaa.

Ami akafungua, akatazama. "Lipo lori jingine wiki hii, mwanangu. Na vya humo vikivunjika, sina la kukusaidia."

Nikawa nakula chakula sikisikii ladha.

Sasa nyie vijana hamjui: zama zile hapa, usiku milango ya mji ikishafungwa, ukitembea lazima ubebe kandili inayowaka. Huna, askari wanakulaza ndani. Kioo kikipasuka, hutoki.

Jioni moja nikamwona hamali mmoja, Dur Mohammed, Mbalushi mwenye mikono kama makasia, anafuta kioo cha kandili yake kwa ncha ya kilemba. Taratibu, kama anamfuta mtoto uso. Nikacheka peke yangu.

Makasha yaliyofuata sikuyaziba. Nikapigilia vibao vyenye nafasi, vioo vikawa vinaonekana vimelala kwenye majani. Nikayaweka fungu la tatu, mbali na nguo.

Dur Mohammed akainama kunyanyua, akachungulia, akawageukia wenzake: "Qizaz! Shwai shwai!" Yaani vioo hivyo, polepole. Wakayabeba wawili wawili, hakuna aliyerusha.

Habari ikaja kutoka Sohar: vizima. Ami akanipa ufunguo wa chumba. "Mwite mamako." Nililia pale pale stoo, wala sioni haya kusema.

Funzo langu: anayebeba mzigo mwache aone anabeba nini.

Mama alipofika, usiku wa kwanza tukaenda kusalimia jamaa. Kandili kaishika kwa mikono miwili, hatua anazihesabu.

"Na nikikivunja, mwanangu?"

"Vunja tu, Mama. Nna makasha mazima stoo."

Haya, wenye wazee waliotembea na kandili, leteni visa vyenu. Na wabishi pia karibuni, kahawa ipo.