Mwenyekiti Mpya wa Mtaa

Nthenya aliishi na mumewe Kiema katika jengo kuukuu katikati ya jiji, na hakukosa mikutano ya chama cha wakazi. Kila mara alisimama kusema jambo lile lile: shimo la maji taka mbele ya lango lao lilikuwa limeibiwa mfuniko. Mwenyekiti, Mzee Sifuna, alimjibu kwa upole, "Tumewaandikia barua watu wa baraza la jiji, mama. Tumepiga simu. Wanasema watakuja."

Hawakuja. Macho ya Kiema yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na jioni moja ya mvua, akitoka kununua maziwa, alitumbukia humo. Walimtoa akiwa hai, lakini alifariki kabla ya wiki kwisha.

Baada ya kumzika kwao Mwala, Nthenya alirudi mjini, akaenda mkutanoni. Watu walisimama kimya kumkumbuka marehemu. Kisha Sifuna akatangaza kwamba amechoka, anahamia Uthiru kwa mwanawe, na ingefaa Nthenya ashike nafasi yake. Wakapiga makofi.

"Nikishika, nitafanya nini?" Nthenya akauliza.

"Utaendelea kuwasukuma tu, mama," Sifuna akasema, macho chini.

Nthenya alijua kwamba watu wa baraza hawatamsikiliza yeye wala mwingine. Alikubali hata hivyo, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu tena, na hapa angalau walikuwapo watu wa kukata tamaa nao.