Ugomvi wa Kamba ya Paani

Bi Sindano alikuwa fundi cherehani mstaafu. Jirani yake wa mlango wa pili, Bi Mapovu, alikuwa dobi mstaafu. Hawakuivana hata kidogo. Kila asubuhi walikimbilia paani, kwenye kamba moja ya kuanikia nguo, kugombea upande wenye jua. Anayewahi anaanika, anayechelewa anatukana. Miaka nenda miaka rudi, na wote wawili magoti yalikuwa chuma.

Siku moja binti yake Bi Mapovu akaja, akafunga chumba cha mama yake kwa kufuli, akamchukua akakae kwake. Bi Sindano alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Kamba nzima yake! Akaanika kila kitu, hata mapazia masafi. Baadaye akajiuliza, awahi kwa ajili ya nani? Akaacha kupanda ngazi. Chai ikawa inapoa mbele yake, miguu ikakonda, mkongojo ukaingia nyumbani. Mwanawe akaamua kumhamishia kwake, chumba cha nyuma. Bi Sindano hakutaka kabisa kuondoka, ila hata nguvu ya kubisha hakuwa nayo.

Jumamosi mwana alikuwa anafunga begi, mara sauti ikashuka kutoka juu.

"Nani kaiacha kamba yangu ikalegea hivi? Kazi ya mafundi viraka hiyo!"

"Kamba yako?" Bi Sindano akachomoa shuka begini, akalichovya kwenye ndoo ya maji, akazivamia ngazi. Mkongojo ulibaki mlangoni.

"Mama, polepole! Mama!" Mwana alimfuata akihema.

Paani, Bi Mapovu, naye kakonda vibaya, alikuwa ameujaza upande wote wa jua kwa gauni moja na soksi.

"Soksi mbili, nafasi ya mashuka matatu? Huna haya!"

"Sina! Kwa binti yangu hata kijiko sigusi. Nimetoroka, shoga. Nilikaribia kufa kwa adabu!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka wakashikana wasianguke. Kisha wakaanza upya kuvutana kamba.

"Mama, gari linasubiri," mwana alisema.

"Rudi nalo, mwanangu. Kwako ningekula vizuri, lakini nani angenitukana?"

Mwana akaketi chini kwenye saruji, jasho likimtiririka. "Basi niletee ule mkongojo. Magoti yangu yamekwisha."

Mama yake akashuka kuufuata, mbiombio, kabla Bi Mapovu hajalisogeza shuka lake.