Niliwaonea Wivu Wenye Buba

Ndugu wasomaji, nawaomba radhi kwanza. Mkono wangu ni mzito, herufi zinapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, na maneno mengine huenda nimeyakosea. Nilisoma shule ya kijiji tu. Hata kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Mimi ni Masanja, kwetu ni upande wa Kamanga, ng'ambo ya Mwanza. Kabla ya kuugua nilikuwa kijana mwenye nguvu. Nililima pamba na baba, na jioni niliwapeleka ng'ombe kunywa maji ziwani. Nilioga palepale kwenye matete, kama watu wote wa kwetu. Wasichana nao walichota maji hapo. Mmoja wao alikuwa Ng'washi, binti wa Mzee Kulwa. Wazee wetu walikuwa wamekwisha anza mazungumzo ya posa. Niliwaonea wivu hata watu waliomsaidia kujitwika mtungi.

Ugonjwa ulianza kidogo. Nilipomaliza kukojoa nilisikia moto, na tone la mwisho lilikuwa jekundu. Nilifukia kwa mguu, nikanyamaza. Baadaye mkojo wote ukawa wa damu, kiuno kikaniuma, nikawa nashindwa kushika jembe hadi jua lipande. Mama alipoona nguo yangu alishtuka.

"Masanja, hii damu ya nini?"

"Nimejikata, mama."

"Umejikata huko?"

Alinipeleka Mwanza kwa dada yangu aliyeolewa mjini, na dada akanipeleka hospitali. Bwana Mganga, Mzungu aliyekijua Kiswahili, alitazama mkojo wangu kwa mashine yake ya kioo akasema, "Kichocho. Utapona, lakini sindano ni nyingi na ni kali. Usikimbie."

Sindano zile zilikuwa za mshipani. Dawa ikiingia, unakohoa papo hapo, kinywa kinajaa mate, tumbo linapinduka. Nilitapika kila mara, kisha nililala sakafuni mpaka dunia itulie. Lakini maumivu hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni barazani.

Hospitali ile wagonjwa walikaa barazani wote pamoja, na dresa, yule msaidizi aliyetudunga sindano, alituita kwa magonjwa. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe. "Wa buba, huku! Wa vidonda, huku! Wa kichocho, simameni niwaone!" Tukasimama, na watu wote wakatazama mbele ya nguo zetu.

Niliwaonea wivu wenye buba. Buba, ugonjwa ule wa ngozi, kila mtu aliijua, watoto na wazee, na haikumfedhehesha mtu. Wao walicheka na kugawana michembe ya viazi vikavu huku wakingoja sindano. Zaidi ya wote nilimwonea wivu mtoto wa karani mmoja. Yeye alipitia mlango wa nyuma, akadungwa ndani, akatoka amevaa kofia yake. Mpaka leo sijui aliugua nini. Nilitamani sana watu wasijue nami naugua nini.

Siku moja shangazi yake Ng'washi alikuwa katika mstari wa buba. Dresa akaita, "Wa kichocho!" Nikasimama nimeinamisha kichwa. Shangazi akanisalimu kwa nguvu, "Ee! Si mtoto wa jirani huyu? Mwangaluka, baba! Kumbe na wewe!"

Kabla sijamaliza sindano, habari ilikuwa imevuka maji. Kwetu walisema nakojoa damu kwa sababu ya wanawake wa mjini. Posa ikasimama. Akatokea Lubinza, mwenye ng'ombe wengi na baiskeli mpya, akaanza kwenda kwa Mzee Kulwa kila siku. Dada aliponiambia, nilihisi moto kifuani kuliko ule wa mkojo. Usingizi ulinikimbia. Nilikuwa naiwaza baiskeli ile imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Ng'washi.

Mzee Kulwa alikuwa mtu wa haki. Alivuka mwenyewe akaja hospitali kuuliza. Alinikuta nimelala sakafuni baada ya sindano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakunitazama. Akamgeukia Bwana Mganga. "Bwana, kijana huyu ameupata wapi ugonjwa wake?"

Bwana Mganga akasema, "Ugonjwa ni wake. Siwezi kuusema mpaka yeye apende."

Nilikasirika sana. Dresa aliwatangazia watu wote nusu ya habari, ile ya kuniaibisha. Sasa nusu ya kunisafisha imefungiwa kinywani mwa Mzungu! Nilitaka kulia. Bwana Mganga akaniangalia, akangoja. Nikaelewa kwamba ananingoja mimi.

Nikakaa, nikasema kama Bwana Mganga alivyonifundisha, "Mzee, ni maji. Vijidudu vinaingia mwilini kwa ngozi, ukioga au ukisimama majini."

"Maji gani?"

"Yale ya kwenye matete. Ya ng'ombe wetu."

Akamtazama Bwana Mganga. "Ni kweli?"

"Masanja amesema sawa," alijibu Bwana Mganga.

Bwana Mganga alipokwenda kwa wengine, Mzee akachuchumaa karibu yangu akaninong'oneza, "Ng'washi naye anakojoa damu. Mama yake ameniambia juzi. Ng'ombe wa Lubinza wamekwisha ingia zizini kwangu. Usiseme, mwanangu."

Nikasema, "Sitasema." Lakini moyoni nilikuwa mtu mwingine. Neno moja tu kwa Lubinza, na ng'ombe wake wangerudi kwao.

Nilipovuka kwenda kumwona mama, nilimkuta Lubinza Kamanga pale mitumbwi inapofikia, anafuta matope kwenye baiskeli.

"Aa, bwana kichocho! Umekauka?"

Watu wakacheka.

"Bado kidogo," nikasema.

"Fanya upesi, uje ule nyama ya arusi!"

Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Moyoni nilimwona Ng'washi amesimama kwenye baraza ya hospitali, wote wanamtazama nguo kama walivyonitazama mimi. Nikalimeza. Nilitembea hadi kwetu nikimchukia Lubinza, baiskeli na ng'ombe wake wote.

Niliporudi Mwanza nilimfuata dresa. "Bwana, tuite kwa majina."

"Majina ni marefu," akasema. "Ugonjwa ni mfupi."

Basi nikaenda kwa Bwana Mganga. Nilikuwa sijawahi kumwendea mkubwa bila kuitwa. Nilimweleza habari ya baraza, mpaka posa yangu. Ya Ng'washi sikuyataja. Aliuma midomo, akamwita dresa. Tangu siku ile tuliitwa kwa majina, mmoja mmoja, mlango ukafungwa nyuma yetu. Wenye buba walinung'unika: "Sasa tutajuaje mstari wetu?"

Ng'washi aliletwa na baba yake. Aliitwa jina, akaingia, na barazani hakuna aliyejua. Sikumsogelea. Alipotoka anajikokota, ameshika tumbo, nilijua hasa anavyojisikia.

Alipopata nafuu, yeye mwenyewe alimwambia Lubinza ugonjwa wake, kwa kinywa chake. Lubinza hakukaa hata kumaliza maji aliyopewa. Ng'ombe wake walitoka zizini. Baba yangu akapeleka wetu, wachache na wembamba, Mzee Kulwa akawapokea.

Nilipomwoa Ng'washi nilimwuliza, "Kwa nini ulimwambia Lubinza kabla yangu?"

"Wewe ulikuwa unajua."

"Si kwa kinywa chako."

"Yuko wapi sasa Lubinza?" akacheka. "Mtu huyu ana wivu hata wa ugonjwa!"

Ni kweli, naona wivu. Lakini nimepona. Mkojo wangu ni safi, nalima tangu alfajiri. Namshukuru Mungu, mama, dada na Bwana Mganga, na dresa pia, maana mkono wake haukukosa mshipa.

Vijana wenzangu, mkiona damu msifukie kwa mguu. Nendeni mapema, msikimbie sindano. Msiingie majini penye matete. Na ukiujua ugonjwa wa mwenzio, mwachie mwenyewe auseme.

Haya ya mke wangu nimemsomea yote kabla ya kuyatuma. Alisikiliza huku akimenya viazi. Akasema, "Andika. Lakini useme kwamba na mimi nimepona."

Naye amepona. Kama kuna msomaji aliyepata ugonjwa huu, au anayeuficha sasa, aniandikie. Nasoma polepole, na barua yako sitamwonyesha mtu.